Tini za keki ya leya: za inchi ngapi, na ninunue ngapi?

Swali nililoletewa ni hili, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dada. Mi naoka nyumbani, bado najifunza. Nina tini moja tu ya inchi 10, ndefu kwenda chini. Resipi yangu ya mayai 4 inasema nitumie tini mbili za inchi 8, nikamwaga yote kwenye hiyo ya 10 maana niliona ni kubwa, itatosha. Ikatoka na kichuguu katikati, nikakata kichuguu, nilipogawa leya tatu zikawa nyembamba kama biskuti na ya juu ikanivunjikia mkononi. Sasa nataka ninunue tini za maana. Nichukue inchi 6, 8 au 9? Seti ya saizi tatu inafaa? Na zile ndefu ndo nzuri au fupi?"

Marahaba mdogo wangu. Jibu la haraka kama una haraka: nunua tini tatu za inchi 8, zote za saizi moja, kina inchi 2, kuta zimesimama wima, aluminiamu ya rangi ya kung'aa sio nyeusi. Hela ikitosha mbili tu, chukua mbili. Kama nyumbani mko wachache na keki huwa inakaa mpaka inakauka, basi badala ya 8 chukua tatu za inchi 6. Seti ya saizi tatu achana nayo kwa sasa, nitakwambia kwanini.

Ila kabla ya kununua chochote naomba tuirudie hiyo keki yako, maana haikuwa na kosa la kuoka, ilikuwa na kosa la hesabu, na usipolielewa utanunua tini mpya alafu ulirudie kosa lile lile.

Watu wengi wanalinganisha tini kwa upana. Wanaona 10 na 8 tofauti yake ni 2 tu, kitu kidogo. Kumbe mchanganyiko haujui upana, unajua eneo la kutandazika. Na kupata eneo kwa ajili ya kulinganisha tini mbili za duara huhitaji hesabu za shule za pai na nusu kipenyo, wewe chukua upana uzidishe kwa wenyewe basi. 8 mara 8 ni 64. 10 mara 10 ni 100. Sasa resipi yako ilitaka tini mbili za 8, yaani 64 na 64, jumla 128. Wewe ukaweka kwenye 100. Unaona? Tini yako uliyoiona kubwa ilikuwa ndogo kuliko hizo mbili zikiwekwa pamoja, kwahiyo mchanganyiko ukasimama juu zaidi kuliko mwenye resipi alivyotaka, kama mara moja na robo hivi. Tuseme kila leya kwenye tini zake ingetoka na unene wa sentimita 3, ya kwako ilitoka karibu 3.8. Hapo bado kichuguu hujakata. Ukakata kichuguu, zikabaki kama 3.2, ukagawa kwa tatu, kila leya sentimita moja na kidogo. Leya pana inchi 10 yenye unene wa sentimita moja hakuna mkono wa kuinyanyua isivunjike, hata wangu.

Na kichuguu nacho kilitokea hapo hapo. Pembeni mwa tini chuma kinashika moto mapema, keki ya pembeni inaiva na kukaza wakati katikati bado ni uji unaendelea kuumuka, sasa ule uji hauna pa kwenda zaidi ya juu. Mchanganyiko ukiwa mwingi na tini pana, katikati inachelewa zaidi, kichuguu kinakuwa kirefu zaidi na mara nyingi kinapasuka. Ndo maana keki zikiokwa nyembamba nyembamba kwenye tini tofauti zinatoka karibu bapa zenyewe, hukati kitu, humwagi kitu.

Hiyo hesabu ya kuzidisha upana kwa wenyewe ishike, itakutoa kila mahali. 6 mara 6 ni 36, 7 ni 49, 8 ni 64, 9 ni 81, 10 ni 100, 12 ni 144. Angalia 6 na 12: mtu anasema ya 12 ni mara mbili ya 6, akafanya resipi mara mbili, akapata kitu kama kifuniko cha ndoo. Ni 36 kwa 144, mara nne. Na 8 kwenda 9 ambayo kila mtu anaona ni karibu sawa, 64 kwa 81, unahitaji robo zaidi ya mchanganyiko, kwahiyo resipi ya mayai 4 kwenye tini mbili za 9 inataka mayai 5, bila hivyo leya zitakuwa chini kidogo na zitawahi kukauka ukioka kwa dakika zile zile.

Za pembe nne zinazidi za duara, maana pembe nazo zinabeba. Ya pembe nne ya inchi 8 inabeba sawa na ya duara ya inchi 9. Ukikumbuka hivyo tu, kwamba pembe nne ni kama duara ya saizi moja juu yake, inatosha.

Sasa tuje kwenye tini zako mpya. Mimi nashauri uanze na mayai na watu, sio na tini. Jiulize resipi unayoipenda ni ya mayai mangapi na keki huwa inaliwa na wangapi. Resipi yako ya mayai 4, nadhani ni ile ya uzito sawa, siagi gramu 225, sukari 225, unga 225 na mayai manne, na maziwa vijiko viwili vitatu vya kulainisha. Jumla yake ukipima ni kama gramu 900 hivi za mchanganyiko, kidogo unabaki kwenye bakuli hata ukwangue vipi. Kwenye tini mbili za 8 kila moja inapata kama 440. Hiyo 440 ndo namba yangu ya kichwani, nyingine zote nazitoa humo: tini ya 6 inachukua kama 250, ya 7 kama 340, ya 9 kama 560, ya 10 kama 690. Hizo ni za leya moja yenye unene wa kawaida unaopendeza ikikatwa. Unaweka tini juu ya mizani, unarudisha sifuri, unamwaga mpaka namba ifike. Mambo ya kukadiria kwa macho au kwa kuhesabu miko ndo yanakuletea leya moja nene nyingine kama sahani, alafu moja inaungua wakati mwenzie bado mbichi.

Ukitaka leya tatu za 8, ni 64 mara tatu, 192, gawanya kwa ile 128 ya resipi yako, unapata moja na nusu. Kwahiyo mayai 6 na kila kitu mara moja na nusu: siagi, sukari na unga gramu 337 kila kimoja, ikipungua au ikizidi kidogo hakuna atakayekufunga. Keki hiyo ikipakwa krimu inasimama inchi 4 au zaidi kidogo na ukikata vipande vyembamba vya inchi 1 kwa 2 unalisha watu 20 mpaka 24. Ukikata zile pembetatu za kujipenda ni 12 mpaka 14.

Leya tatu za 6 ndo siri ambayo watu hawaijui. 36 mara tatu ni 108. Resipi yako ni 128. Maana yake resipi yako ile ile ya mayai 4, bila kubadilisha chochote, inakupa leya tatu za inchi 6 zenye unene mzuri kabisa, nene kidogo kuliko kawaida, na keki inatoka ndefu imesimama kama ile ya kwenye picha. Watu wanaona keki za kwenye picha ndefu zile wanadhani ni keki kubwa sana, kumbe nyingi ni za inchi 6. Urefu wa keki unaonekana kwa kulinganisha na upana wake. Leya tatu kwenye 6 inaonekana mnara, leya hizo hizo tatu za unene ule ule kwenye 10 inaonekana kama mto wa kukalia. Kwahiyo mtu wa familia ya watu wanne watano anayejifunza kupamba mimi namwambia 6 bila kufikiria mara mbili. Unapoteza unga kidogo ukikosea, keki inapoa haraka, na kupaka krimu ni kazi ya dakika chache maana eneo ni dogo. Ubaya wake ni mmoja, kuzungusha kisu vizuri kwenye keki nyembamba ndefu kunataka mkono uliotulia, la sivyo inalala upande.

Leya tatu za 9 zinakula mayai 8 karibu (243 gawa kwa 128 ni 1.9). Hapo ndo uulize bakuli lako la kuchanganyia linabeba mayai 8 na siagi karibu nusu kilo? Mashine ndogo za mkononi zinalia hapo. Wengi wanaonunua 9 wananunua kwa sababu resipi nyingi za Marekani zimeandikwa tini mbili za inchi 9, na hizo resipi zinakuwa na mchanganyiko mwingi kwa makusudi. Kama resipi zako nyingi ni za huko basi 9 ni sawa kwako. Kama ni za mayai 4 za kizamani zile za gramu, 8. Za Uingereza na Ulaya mara nyingi zimeandikwa kwa sentimita, 20 ni inchi 8, 23 ni 9, 18 ni 7, 15 ni 6, 25 ni 10. Sio sawasawa kabisa kwa milimita lakini hazina ugomvi.

Saizi ya 7 sijaizungumzia sana lakini ni nzuri, tatu za 7 zinataka mayai manne na nusu na zaidi kidogo. Sasa hiyo nusu ya yai unafanyaje? Unalivunja, unalipiga kwa uma, unapima. Yai la kawaida bila ganda ni kama gramu 50, kwahiyo nusu ni 25. Nimeona watu wanakwepa saizi nzuri kisa wanaogopa nusu yai.

Seti sasa. Zile tini tatu zinazoingiana, 6 na 8 na 10 au 7, 8, 9, zinakaa vizuri kabatini na bei ya jumla inavutia. Mi nilinunua, ndo ilikuwa manunuzi yangu ya kwanza ya maana. Shida mbili. Ya kwanza, keki ya leya ni leya za saizi moja, wewe una tini moja ya kila saizi, kwahiyo unaoka leya ya kwanza, unasubiri, unaosha, unapaka siagi, unaoka ya pili, mpaka ya tatu inaiva usiku umeingia. Ya pili, seti nyingine kuta zake zinalala nje kidogo, chini kwembamba juu kupana. Kwenye keki moja ya kula na chai huoni. Ukipandanisha leya tatu unaona: kila leya ina mteremko wake, upande wa keki unakuwa kama ngazi, na unaishia kuziba mabonde kwa krimu mpaka krimu inakuwa nene kuliko keki yenyewe. Mimi ya kwanza niliyopeleka kwenye sherehe ya watu ilikuwa hivyo, krimu pembeni unene wa kidole, watoto wakafurahi sana watu wazima wakaisukuma pembeni ya sahani. Seti ni ya keki ya ghorofa, ambapo chini 10, juu yake 8, juu yake 6. Ghorofa na leya ni vitu viwili tofauti na muuzaji mara nyingi anavichanganya. Na hata kwa ghorofa, kila ghorofa ina leya zake mbili tatu ndani, kwahiyo bado utahitaji zaidi ya tini moja ya kila saizi au uvumilivu mwingi.

Ukiwa na tini mkononi, kabla hujalipa, toa rula. Pima ndani, ukuta wa ndani mpaka ukuta wa ndani, usipime kwenye ule mdomo uliokunjwa. Kuna siku nilichukua tini mbili zimeandikwa 8 kwenye karatasi, nikaweka mchanganyiko kama kawaida, zikafurika mpaka chini ya oveni ikaanza kutoa moshi. Nikapima nikakuta 7 na nusu, hiyo nane walihesabu na mdomo. Saba na nusu mara yenyewe ni 56, kwa 64, unakuwa umepunjwa nafasi zaidi ya sehemu moja ya kumi. Alafu pima chini na pima juu, ukipata namba moja jua kuta ziko wima. Alafu simamisha rula ndani upate kina.

Kina ndo swali lako la mwisho. Kwa leya, inchi 2 inatosha, unajaza nusu mpaka theluthi mbili na sio zaidi, inaumuka inafika karibu na mdomo inakaa. Zipo fupi za inchi moja na nusu, zile za sandwichi, zinafaa resipi ya mayai 4 lakini zina roho nyembamba, ukizidisha kidogo tu imemwagika. Za inchi 3 na kuendelea ni za keki ya matunda makavu na keki nzito za kuoka moto mdogo muda mrefu. Unaweza kuoka leya nyembamba kwenye tini ndefu, haikatazwi, lakini zile kuta ndefu zinakinga juu ya keki, juu panachelewa kupata rangi wakati chini inaendelea kuiva, wewe unaongeza dakika kusubiri rangi na keki inakauka. Hiyo yako ya 10 nadhani ilikufanyia hivyo pia.

Kuna watu watakwambia usihangaike na tini tatu, nunua moja ndefu uoke keki moja nene uikate leya tatu kwa kisu cha mkate. Hawajakosea kabisa. Sponji ya mayai ya kupigwa, ile isiyo na siagi au yenye siagi kidogo ya kuyeyusha, inakatika vizuri sana, ni nyepesi inarudi ikibonyezwa, na watu wa keki hizo wamekuwa wakikata tangu zamani. Leya ya kukata ina faida, pande zake zimefunguka zinanyonya sharubati vizuri, hazina ngozi. Lakini keki ya siagi kama yako ni nzito inamomonyoka, na ukioka nene unapata kichuguu, na kichuguu unakikata unakila jikoni umesimama, hiyo ni hasara ya karibu sehemu ya sita ya keki (kwa hesabu yako ile, 0.6 kati ya 3.8). Ukilazimika, oka kwa moto mdogo, 160 badala ya 180, iache ipoe kabisa, ikiwezekana ilale kwenye friji imefungwa, alafu ndo ukate. Ukikata ya moto unajitafutia chengachenga.

Oveni yako ni ya saizi gani? Hukusema, na hili linaamua tini kuliko hata mayai. Pima waya wa ndani. Tini mbili za 8 zikikaa ubavu kwa ubavu na nafasi ya hewa ya sentimita mbili tatu kila upande zinataka kama sentimita 50, na oveni nyingi za nyumbani ndani hazifiki hapo. Ila usikate tamaa, ziweke kimshazari, moja nyuma kushoto nyingine mbele kulia. Waya wa sentimita 45 kwa 37 unabeba mbili za 8 kimshazari na hewa inapita. Tini zikigusana au zikigusa ukuta wa oveni, pale zinapogusana panabaki pabichi na upande unaogusa ukuta unaungua, leya inatoka imepinda. Tatu kwa pamoja itabidi utumie waya mbili, na zikifika theluthi mbili ya muda ndo uzibadilishe juu chini, sio kabla, maana ukifungua mlango mapema katikati inabonyea.

Kama ni oveni ndogo ya mezani inayobeba moja tu, hapo mimi nashauri 6 moja kwa moja, mbili zinaweza kuingia. Na mchanganyiko unaosubiri? Huu wa siagi wenye bekingi pauda unavumilia nusu saa hivi, ila ugawe kwenye tini kabisa mwanzoni uuache umetulia sehemu ya baridi, usiuache kwenye bakuli alafu uje kuukoroga tena, ukikoroga unatoa hewa yote. Sponji ya mayai ya kupigwa haisubiri hata dakika kumi, povu linashuka ukiangalia, hiyo unachanganya nusu unaoka, unachanganya nusu nyingine.

Rangi ya tini na yenyewe ina maneno yake. Nyeusi na zile za kutogandisha za rangi ya makaa zinavuta joto, pembeni panakuwa kahawia mapema na kichuguu kinakuwa kirefu zaidi, ukiwa nazo punguza moto nyuzi 10 mpaka 15. Za kioo hivyo hivyo, punguza. Za silikoni kwa keki ya leya sizipendi, kuta zinacheza ukibeba, keki inatoka imevimba tumbo. Zile zenye kitako kinachotoka ni raha kwa kutolea keki ila mchanganyiko mwepesi kama wa chokoleti na mafuta unavuja, utasikia harufu kabla hujaona. Aluminiamu ya kawaida kitako kimoja na karatasi ya duara chini, siagi pembeni, hakuna inayoganda.

Muda wa kuoka usiubebe kutoka tini moja kwenda nyingine kwa kichwa. Kinachoamua zaidi ni unene wa mchanganyiko, upana unafuata. Leya ya gramu 440 kwenye 8 kwa nyuzi 180 (160 kama oveni ina feni) huwa inaiva dakika 25 mpaka 30. Ya 6 yenye gramu 250 anza kuichungulia kwenye 20. Ya 10 inaweza kufika 35 au zaidi. Mi naamini dalili kuliko saa: keki imeanza kujitoa pembeni mwa tini kidogo, ukiibonyeza katikati inarudi, kijiti kinatoka kikavu. Na kama bado kichuguu kinakusumbua, chukua kitambaa cha taulo kuukuu, kikunje kiwe mkanda mpana kama ukuta wa tini, kiloweke maji, kamua kisitiririke, zungushia tini kwa nje ukibane na pini. Maji yanazuia ukuta usiwahi kupata moto, pembeni panaiva taratibu sambamba na katikati, keki inatoka bapa. Ongeza dakika chache tu.

Na kabla hujanunua hata moja, kama una lile trei la mstatili la inchi 9 kwa 13 ambalo wengi wanalo, kuna kitu unaweza kujaribu wikiendi hii. Eneo lake la kweli ni 117, tini mbili za 8 eneo lake la kweli ni kama 100 (hapa hesabu ya kuzidisha upana haifai, hiyo ni ya duara kwa duara), kwahiyo resipi yako ya mayai 4 inaingia humo, inakuwa chini kidogo tu. Ikishapoa, kata duara mbili za karibu inchi 6 zikiwa zimepangana kwenye urefu, zifuate ukingo mmoja, fanya pungufu kidogo ya 6 kwa sababu keki inasinyaa ikipoa. Ule ukanda wa inchi 3 uliobaki upande wa pili unatosha nusu duara mbili. Nusu duara hizo zikigusanishwa ndo leya yako ya katikati, zinajificha kati ya mbili nzima, krimu inaziunganisha na hakuna atakayejua. Utapata keki ya leya tatu ya inchi 6 na utajua kama saizi hiyo inakutosha au roho yako inataka 8.

Hiyo ya inchi 10 usiitupe wala usiigawe. Siku ukipata oda ya ghorofa itakuwa ya chini, ukiweka 8 juu yake inabaki nafasi ya inchi moja kuzunguka, panatosha kupamba. Ila siku hiyo hesabu mayai mapema: leya mbili za 10 kwa unene wa kawaida ni 200 gawa kwa 128, mayai 6 na robo, weka 6, gramu 690 kila moja kasoro kidogo, moto 160 mpaka 170 na ule mkanda wa taulo pembeni.

Ukishanunua niandikie umechukua zipi na oveni ina upana gani ndani, tupige hesabu ya leya zako pamoja.